Printa ya Risiti ya Mfukoni Imegoma? Tafuta Kosa Kabla ya Kwenda kwa Fundi Luthuli

Usiitupe bado, na usikimbilie kununua nyingine. Printa ndogo ya risiti, ile inayoning'inia kiunoni mwa msambazaji wa mkate au kulala kando ya simu kwenye kaunta ya duka la dawa kule Umoja, Nairobi, ina vitu vichache vya kuharibika: kichwa cha kuchapa, mota, rola ya mpira, betri, na kibao cha saketi chenye redio ya Bluetooth. Wino haina, ingawa bado kuna watu wanaouliza wino wake unauzwa wapi. Kichwa kinapata moto, karatasi ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipashwa moto, basi.

Kwa kuwa vitu ni vichache, kosa pia lina sehemu tatu tu za kujificha: ndani ya printa yenyewe, kwenye mawasiliano kati yake na simu, au ndani ya programu inayotuma risiti. Nyingi ya zile zinazofikishwa kwa fundi kwa maneno "boss, hii imekufa" ni nzima kabisa. Kosa liko kwenye karatasi, kwenye kebo ya chaji au kwenye simu, na fundi mwenye njaa hana sababu ya kukuambia hivyo.

Maelezo haya ni ya printa za karatasi ya milimita 58 zinazotumika na simu au kompyuta ya mkononi ya Android. Kama yako ni POS, yaani mashine ya mauzo, yenye printa ndani kwa ndani, kichwa na rola ni vilevile. Ruka tu sehemu ya Bluetooth.

Jaribio linalogawa kosa

Zima printa. Bonyeza kitufe cha kusukuma karatasi, ukiwa umekishikilia hivyo washa printa, kisha achia baada ya sekunde mbili tatu. Printa nyingi hujipima zenyewe na kutoa karatasi yenye jina lake, toleo la programu yake ya ndani, anwani yake ya Bluetooth, lugha ya amri inayoielewa, na mistari ya herufi za mfano. Zile zenye kitufe kimoja zina mtindo wao, kwa kawaida kubonyeza mara mbili au kushikilia kwa muda; karatasi ya maelezo iliyokuja nayo itakuambia.

Karatasi hiyo ikitoka safi na nyeusi, printa ni nzima. Usiifungue, usiisafishe, usiibadilishe betri. Tatizo liko kwenye simu au mawasiliano, isipokuwa kama printa huzima katikati ya risiti; hiyo ina sehemu yake huko chini. Ikitoka hafifu au yenye mistari mieupe, tazama kichwa na karatasi. Ikitoka tupu, karatasi imegeuzwa. Isipotoka kabisa, tazama umeme na kifuniko. Karatasi ikitoka, ipige picha na uihifadhi, kwa sababu utaihitaji ukifika kwenye Bluetooth na kwenye herufi za ajabu.

Watu wengine huanza kwa kufuta programu na kuiweka upya, au kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Sishauri. Unapoteza orodha ya bei na mauzo ya leo kutafuta kosa ambalo karatasi ya sentimita kumi ingekuonyesha.

Inasukuma karatasi lakini haiandiki chochote

Kata kipande cha karatasi na ukikwaruze kwa ukucha, haraka na kwa nguvu. Upande utakaoacha mstari wa kijivu au mweusi ndio wenye dawa, na huo ndio unaopaswa kugusa kichwa. Roli ikiwekwa kinyume, printa itafanya kazi yake yote kwa uaminifu na kukupa karatasi nyeupe. Pande zote mbili zikikataa kuacha alama, umeuziwa karatasi ya kawaida iliyokatwa kwa kipimo hicho. Irudishe ulikoinunua.

Ukifungua roli mpya, chana mzunguko wa kwanza wenye gundi na uutupe. Gundi hiyo ikipita kwenye kichwa, utakutana nayo tena kwenye sehemu ya mistari mieupe.

Haiwaki, au haichaji

Chaja kwanza. Printa nyingi za sasa zina tundu la USB-C, na mwenye nayo huichomeka kwa kebo ya C kwa C iliyokuja na simu yake mpya. Taa haiwaki, na hapohapo betri inahukumiwa. Ukweli ni kwamba chaja yenye tundu la C haitoi umeme mpaka ihisi kuna kifaa upande wa pili, na inakihisi kupitia rezista mbili ndogo za kilo-ohm 5.1 zinazopaswa kuwekwa ndani ya kifaa hicho. Baadhi ya watengenezaji wa vifaa vya bei nafuu huziacha ili waokoe senti kadhaa. Tafuta kebo ya mtindo wa zamani, upande mmoja USB pana ya mstatili na upande wa pili C, uichomeke kwenye chaja ya kawaida ya volti 5. Mara nyingi taa huwaka papo hapo.

Tundu la micro, lile bapa la zamani, lina ugonjwa mwingine: linalegea. Kama chaji inaingia tu ukiinamisha kebo upande mmoja, tundu limeng'oka kidogo kwenye kibao. Kulichomelea upya ni kazi ndogo kwa fundi wa simu yeyote, na hiyo ni pesa halali kulipa.

Tundu la USB la kwenye matatu au kwenye kompyuta ya zamani linaweza kutoa miliampia 500 tu. Printa itachaji, lakini polepole kiasi cha kudhani haichaji.

Betri ya lithiamu iliyoachwa tupu kwa miezi hufungwa na saketi yake ya ulinzi. Iache kwenye chaja saa moja au mbili kabla ya kukata tamaa. Iliyovimba usiichaji hata kidogo, usiitoboe, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Unaponunua nyingine, soma volti kwenye lebo ya ile ya zamani. Nyingi ni za volti 7.4, yaani seli mbili zilizofuatana, na chache ni za 3.7. Anayetaka kukufungia betri ya simu ndani ya printa ya 7.4 anakufungia tatizo jipya.

Simu haiioni, au imeoanishwa na bado haichapi

Hapa ndipo siku nzima inapotelea, kwa hiyo tuende taratibu.

Jambo la kwanza linalowatisha watu si kosa hata kidogo. Ukiingia kwenye mipangilio ya simu utaona printa "imeoanishwa", lakini simu haisemi "imeunganishwa". Mtu anaifuta, anaoanisha tena, anaifuta tena. Iache. Printa hizi hutumia mtindo wa Bluetooth ambao kiungo chake hufunguliwa na programu ya mauzo wakati wa kuchapa, si na mipangilio ya simu. Kuoanishwa kunatosha. Ukiombwa namba ya siri, jaribu 0000, kisha 1234.

Kisha kumbuka kwamba printa nyingi hizi huongea na simu moja kwa wakati mmoja. Mfanyakazi wa zamu ya asubuhi amekabidhi, amepanda ghorofa ya juu kula githeri, na programu kwenye simu yake bado imeishika printa. Simu yako itaambiwa imeshindwa kuunganisha, bila kuambiwa ni kwa nini. Zima printa na uiwashe, na Bluetooth ya simu ile nyingine izimwe kwanza, la sivyo itairukia tena.

Kwenye majengo ya vibanda ya River Road na Kamukunji kuna mkasa mwingine. Printa nyingi hutoka kiwandani na jina lilelile. Unaoanisha, simu inakubali, unachapa, hakuna kitu. Kumbe risiti yako imetokea kibanda cha tatu, na dada wa pale anashangaa ni nani ameagiza dazeni mbili za sufuria. Ile karatasi ya kujipima ina anwani ya Bluetooth. Linganisha tarakimu zake za mwisho na zile zinazoonyeshwa na programu, ukishaipata yako ibadilishe jina kama programu inaruhusu.

Orodha ikionyesha printa moja mara mbili kwa majina yanayokaribiana, hiyo ni redio yenye mitindo miwili, ule wa kawaida na ule wa kutumia nguvu kidogo. Programu nyingi za Android zinataka ule wa kawaida. iPhone kwa upande wake haitazungumza na printa kwa mtindo wa kawaida isipokuwa mtengenezaji awe amepitia mpango wa Apple wa kuidhinisha vifaa, kwa hiyo mwenye iPhone ahakikishe printa ina mtindo wa nguvu kidogo na programu yake inautumia. Aulize kabla ya kulipa, maana muuzaji atajibu "inashika simu zote".

Ruhusa nazo. Kuanzia Android 12 ya mwaka 2021, programu inahitaji ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Ulibonyeza "usiruhusu" siku ya kwanza kwa kuogopa kupelelezwa? Basi printa haitaonekana kamwe ndani ya programu, hata kama mipangilio ya simu inaiona. Kwenye Android 6 mpaka 11 kilichohitajika ni ruhusa ya mahali ulipo, na kwenye simu nyingi hata GPS yenyewe iwe imewashwa wakati wa kutafuta printa.

Kama inachapa vizuri, kisha inapotea kila ukiiweka simu mfukoni kwa dakika chache, simu inaiua programu ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu ya mauzo, uitoe kwenye orodha ya kubanwa.

Enzi za kompyuta za mkononi kama HP 200LX ya 1994 au Palm III ya 1998, mawasiliano na printa ndogo yangeweza kupita kwa mwanga usioonekana, kwa hiyo ulilazimika kuielekezea kifaa kama tochi. Ilikuwa kero, lakini ukikosea ulijua umekosea wapi. Redio haioneshi kitu. Inapita kwenye ukuta mwembamba na kushindwa kupita kwenye mwili wa binadamu, maana maji hunyonya masafa ya gigahezi 2.4 inayotumia. Msambazaji aliyeifunga printa nyuma ya kiuno na kushika simu mbele ya kifua amejiweka yeye mwenyewe katikati ya mawasiliano. Asogeze printa ubavuni, upande wa mkono unaoshika simu.

Inaanza kuchapa kisha inazima

Mistari ya juu inatoka, ikifika kwenye nembo ya duka au QR, kimya. Taa inazimika, au printa inajiwasha upya na Bluetooth inakatika.

Hii karibu kila mara ni betri iliyozeeka, si programu. Kichwa cha printa ya milimita 58 kina nukta 384 kwenye mstari mmoja, nane kwa kila milimita. Mstari wa maandishi huwasha sehemu ndogo ya nukta hizo. Nembo nyeusi iliyojaa huziwasha karibu zote kwa mkupuo, na umeme unaohitajika unapanda ghafla. Betri changa inastahimili. Betri iliyochoka inaangusha volti kwa muda mfupi, na saketi inadhani imezimwa.

Hakikisha hivi: chapa risiti ya maandishi matupu. Ikitoka nzima, kisha yenye nembo ikafa, umepata jibu. Kwa leo punguza kiwango cha weusi, toa nembo au uifanye ya mistari tu, na chapa ukiwa na chaji juu ya nusu. Kesho nunua betri. Kuchapa ukiwa umechomeka chaja husaidia baadhi ya printa na nyingine hakuzisaidii kitu.

Kusimama kwa sekunde chache na kuendelea yenyewe baada ya risiti ndefu nyingi mfululizo ni jambo tofauti. Kichwa kimepata moto kupita kiasi na kinajipoza. Kiache.

Inatoa Kichina, au mistari ya amri

Usizitupe takataka hizo. Zisome, zinataja kosa kwa jina.

Ukiona karatasi imejaa alama kama ^XA na ^FO, programu inadhani inaongea na printa ya lebo ya lugha ya ZPL. Ukiona mstari unaoanza na alama ya mshangao na namba, kama "! 0 200 200", hiyo ni CPCL. Neno SIZE likifuatwa na vipimo ni TSPL. Zote ni lugha nyingine za printa. Printa za risiti nyingi zinaelewa ESC/POS, lugha ya amri iliyotokana na Epson, na ndani ya mipangilio ya programu kuna mahali pa kuichagua. Kinyume chake pia hutokea: printa yenye hali mbili, ya risiti na ya lebo, imeachwa kwenye lebo. Hapo ama inapokea kila kitu na kukaa kimya, au inatema karatasi tupu ndefu ikitafuta mwanya kati ya lebo ambao haupo. Karatasi ya kujipima itaonyesha iko hali gani.

Jozi za tarakimu kama 1B 40 1B 61 ukurasa mzima zinamaanisha umeshikilia kitufe muda usiofaa na kuiingiza printa kwenye hali ya kuonyesha data ghafi. Izime, iwashe.

Sasa Kichina chenyewe. Buchari moja inaweza kuuza kuku, mbuzi na matumbo wiki nzima bila shida, lakini kila risiti ya nyama ya ng'ombe inatoka na "ng", herufi mbili za Kichina, kisha "mbe". Herufi o imemezwa. Lang'ata hivyohivyo, Murang'a hivyohivyo. Chanzo ni ile alama ya king'ong'o. Alama iliyonyooka ina baiti moja na haimsumbui mtu. Lakini jina la bidhaa likinakiliwa kutoka faili la Word, au likiandikwa kwenye iPhone, alama hubadilishwa kuwa ile iliyopinda, na iliyopinda husafirishwa kwa baiti tatu: E2, 80 na 99. Printa hizi nyingi hutengenezwa China na huwaka zikiwa tayari kusoma baiti mbilimbili kama herufi moja ya Kichina. Mbili za kwanza zinakuwa herufi, ya tatu inaikamata o iliyo jirani na kuwa herufi ya pili.

Dawa ya duka: ingia kwenye orodha ya bidhaa, futa alama hiyo, andika iliyonyooka. Dawa ya kudumu ni ya anayekuandikia programu: mwanzoni mwa kila risiti, baada ya amri ya kuanza 1B 40, atume 1C 2E inayozima hali ya Kichina, kisha achague jedwali la herufi kwa 1B 74. Wateja wenye majina ya Kikuyu yanayoandikwa kwa ĩ na ũ wana shida ambayo jedwali halitaimaliza, kwa sababu majedwali ya kawaida ya printa hizi hayana herufi hizo. Mstari wa jina utumwe kama picha.

Hafifu, mistari mieupe, upande mmoja umefifia

Mistari mieupe inayoshuka wima mahali palepale kwenye kila risiti ni uchafu juu ya kichwa au nukta iliyokufa. Safisha kwanza. Zima printa, fungua kifuniko, subiri kichwa kipoe, kisha pangusa ule mstari mwembamba wenye rangi ya kioo kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa isopropili. Acha ikauke kabisa kabla ya kufunga. Isopropili inapatikana kwenye maduka ya vipuri vya simu pale Luthuli. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa usome lebo yake kwanza, maana baadhi huwekwa mafuta ya kulainisha ngozi, na mafuta hayo huacha utando unaorudisha tatizo. Petroli, tina na wembe visikaribie hapo.

Rola ya mpira nayo hukusanya vumbi la karatasi. Izungushe kwa kidole huku ukiipangusa.

Baada ya kusafisha, toa karatasi ya kujipima. Mstari mweupe uleule, mwembamba na wenye kingo kali kama umechorwa kwa rula, ni nukta iliyokufa. Haiponi. Mstari mmoja au miwili unaweza kuishi nao kama haukati tarakimu za bei.

Upande mmoja mweusi na mwingine umefifia si ugonjwa wa kichwa mara nyingi. Kifuniko kimefungwa upande mmoja tu. Kisukume pande zote mbili mpaka usikie mlio.

Hafifu kote: ongeza weusi kwenye programu, jaribu roli nyingine, chaji betri. Asubuhi za Julai mistari ya kwanza inaweza kutoka dhaifu mpaka kichwa kipate joto.

Vichwa hivi havifi kwa kuchoka, huuawa. Vipimo vya watengenezaji wengi hutaja kilomita 50 za karatasi. Kwa risiti ya sentimita 15, hizo ni zaidi ya risiti laki tatu, na vibanda vingi havitafika huko. Kinachoviua ni mchanga na vumbi linaloingia printa ikiachwa wazi kutwa nzima kwenye kaunta ya Gikomba, na karatasi mbovu yenye uso unaokwaruza. Roli ya bei ya chini kabisa, sioni faida yake.

Taa ya karatasi inamulika na karatasi ipo

Kihisi cha karatasi ni kijicho kidogo cha mwanga. Kipulize, kipanguse. Jua kali la mchana kwenye kituo cha wazi kama Muthurwa linaweza kukipotosha likipenya kwenye mwanya wa kifuniko. Geuza printa kivulini ujaribu tena. Na funga kifuniko vizuri.

Karatasi ikikwama, usiivute kwa nyuma. Fungua, itoe, kata ncha iwe nyoofu. Roli ya upana wa milimita 57 ndiyo sahihi kwa printa inayoitwa ya 58, na kipenyo cha 40 huingia kwenye nyingi. Iliyojaa ikibana ukutani haizunguki, nayo mota italia bila kusogeza.

Bei zinaruka mstari wa chini, QR haisomeki

Safu ya bei ikishuka na kuanza mstari wake, programu imewekwa kwa printa ya milimita 80. Hiyo ina herufi 48 kwa mstari. Yako ina 32. Badilisha kipimo kwenye programu. Hakuna cha ziada hapo.

QR ina maneno zaidi, hasa tangu eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, uanze mwaka 2023. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki wakati wa kukokotoa kodi isipokuwa kwa misamaha michache, kwa hiyo mteja anayenunua kwa ajili ya kampuni ataipima QR yako hapohapo kaunta kwa simu yake.

Ikiwa mahali pa QR kuna maandishi yanayoanza na "(k" na kiungo kirefu cha intaneti, printa haiifahamu amri ya QR ya ESC/POS. Imeruka baiti isiyoijua na kuchapa zilizobaki kama herufi. Programu ichore QR na kuituma kama picha.

Ikiwa QR ipo ila kamera inaikataa, fanya hesabu. QR yenye miraba 41 kila upande, ukiongeza nafasi nyeupe ya miraba minne pande zote, inakuwa 49. Kwa nukta 7 kwa mraba ni 343, inaingia kwenye 384. Kwa nukta 8 ni 392, imezidi na pembeni inakatwa. Kwa nukta 3 inaingia, ila miraba inakuwa midogo kiasi kwamba karatasi hafifu inaifunga. Nukta 5 au 6 hukaa vizuri. Weusi ukizidi sana pia ni kosa, kwa sababu nukta huvimba na kumeza zile nyeupe jirani. Na kama kichwa kina nukta iliyokufa, kiwango cha M cha kurekebisha makosa ndani ya QR huvumilia takriban asilimia 15 ya QR iliyoharibika, ilhali L huvumilia 7 tu.

Risiti ilikuwa nzuri, sasa ni tupu

Printa haina kosa. Dawa ya karatasi hufifia kwa jua, mafuta ya mikono, sanitaiza, selotepu na plastiki laini za kuwekea kadi. Joto nalo huifanya kinyume: roli iliyoachwa kwenye dashibodi kwenye foleni ya Mombasa Road hugeuka kijivu kabla ya kuchapwa chochote. Sheria ya Kenya inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano, na karatasi hii haijaahidi kufika huko. Mwambie mteja, "Mama, ipige picha kabla ya kuiweka kwenye pochi," naye atakushukuru mwezi wa sita akijaza ritani.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Beba printa pamoja na roli unayotumia, kebo na chaja yake, na simu yenye programu. Beba ile karatasi ya kujipima. Mwonyeshe fundi risiti mbovu badala ya kumweleza, na umwombe aijaribu kwa roli yake na chaja yake mbele yako kabla hajashika bisibisi. Akisema kichwa kimekufa, muulize bei ya kichwa na ya kazi, kisha uvuke barabara uulize bei ya printa mpya ya aina hiyohiyo. Kwa printa hizi ndogo kichwa kipya hakilipi mara nyingi. Betri, tundu la chaji na rola hulipa. Ile iliyokufa mwachie kwa vipuri, kwa makubaliano.